Kitovu, Kisu na Samli

Hospitali ya Mulago, kilimani kwake Kampala, ilizaliwa na hukumu. Mwaka 1908 Kanali Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza, aliandika kwamba kaswende inawamaliza Waganda kwa sababu mila zilizowadhibiti wanawake zimelegea. Mwaka 1913 kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa kikafunguliwa hapo. Watafiti waliofuata waliitilia shaka hukumu ya Lambkin: huenda vidonda vingi vilikuwa vya maradhi ya jamii ya buba, ambayo mtoto huyapata kwa kugusana tu. Kanali alidhani anapima damu, kumbe alikuwa anapima maadili.

Robert Felkin, mmisionari Mwingereza, alipima vingine. Mwaka 1879, huko Kahura katika Bunyoro, alimwona mganga akimpasua mjamzito. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi; pombe hiyo hiyo ikaosha mikono ya mganga na tumbo la mgonjwa. Chuma cha moto kilizuia damu, pini za chuma zikafunga jeraha. Katika Ulaya ya miaka hiyo, daktari Porro alikuwa akiuondoa mfuko wa uzazi kabisa, na daktari mwenzake Sänger alikuja kusisitiza kuushona mwaka 1882. Mganga wa Kinyoro hakuuondoa wala hakuushona. Aliukanda hadi ukajikaza. Felkin alipoondoka siku kadhaa baadaye, mama na mtoto walikuwa hai. Kipimo chake kilitoka ng'ambo, lakini alikuwa tayari kimpe jibu asilolitarajia.

Kuna swali ambalo kisu hakilijibu: mtoto ni wa nani? Pwani, kumuuliza mtu kitovu chake kimezikwa wapi ni kumuuliza kwao. Buganda kitovu kilihifadhiwa hadi siku ya okwalula abaana, sherehe ya kuwaingiza watoto katika ukoo, kikatiwa katika bakuli la maji: kikielea, mtoto ni wa ukoo; kikizama, si wao. Swali la pwani humpa mtu mahali pake, la Buganda lingeweza kumnyang'anya, na pamoja naye kumfedhehesha mama. Hapo siwezi kusema kila watu na mila zao nikanyamaza.

Lakini miaka hii Kampala akina baba wamekimbilia vipimo vya DNA. Maabara haikosei kama bakuli lilivyoweza kukosea, ila mtoto asiyelingana na baba huzama vilevile. Tena mabibi wa Buganda walikuwa na jambo lao: kabla ya kukitia majini, kitovu kilipakwa samli. Na kila aliyewahi kupika anajua mafuta hufanya nini juu ya maji.