Bw. Fulani na Familia

Ukitaka kujua nani ni nani mtaani Shella, hapa Malindi, usiangalie kadi ya harusi. Angalia bahasha. Kadi zote zinafanana: Bismillahi juu, majina ya wazazi, saa ya nikahi, ukumbi wa kupamba. Bahasha ndiyo huandikwa kwa mkono, na hapo ndipo watu hukosana.

Nyumba zetu hazina namba, kwa hivyo anwani ni jina, na jina lina heshima zake. Sharifu haandikwi Bw. tu. Aliyefundisha chuoni ni Maalim hata akizeeka. Aliyekwenda Makka ni Al-Haj, na ukimsahaulia utasikia habari zako sokoni. S.L.P. ni ya wageni wa Nairobi. Jamaa wa damu ndiye hapelekewi bahasha kabisa, huendewa. Ukimtumia shangazi yako kadi kwa mkono wa mtoto, umemfanya mtu baki.

Adabu hii ni kongwe kuliko posta. Stempu za kwanza za Kampuni ya Imperial British East Africa zilitoka 1890, na kabla ya hapo barua zilikuwa zimeshasafiri na majahazi kwa karne nyingi. Edward Steere alipochapisha kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870, aliweka humo mifano ya barua za watu wa pwani. Barua za namna ile huanza na "Ila janabi", kisha salamu na sifa za anayeandikiwa, ndipo haja itajwe. Mtu anapewa cheo chake kwanza, halafu anaombwa kitu.

Na wanawake walikuwemo. Katika nyaraka za Goa, kule India, zimehifadhiwa barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Miongoni mwa waandikaji yumo Fatima binti Muhammad, mtawala wa Kilwa. Binti Muhammad, si mke wa fulani. Hiyo ndiyo desturi yetu hadi leo: mwanamke wa Kiswahili habadilishi jina akiolewa. Anabaki binti wa babake mpaka kaburini.

Sasa hebu soma bahasha zetu. "Bw. na Bi. Omar Salim." Hiyo ni kanuni ya Kiingereza, Mr. na Mrs., iliyokuja pamoja na kadi za kupigwa chapa. Kwa Kiswahili inachekesha, manake Bi. Salim angekuwa binti wa mkwewe! Wengine hukwepa kwa kuandika "Bw. Omar na Familia", na hapo mke anapotea kabisa, kakaa kundi moja na watoto na mpwa aliyekuja likizo.

Zamani harusi za wanawake zilialikwa kwa mdomo. Akina mama walivaa buibui, wakapita nyumba kwa nyumba, wakabisha hodi, wakamtaja mwenye nyumba kwa jina lake. Mimi naona kadi, pamoja na uzuri wake wote, ilituondolea hilo.

Kuna jirani yetu alifiwa na mumewe. Baada ya eda, kadi zikakoma. Hakuna aliyemchukia, orodha za watu ni za majina ya wanaume, na jina lililokuwa likimwakilisha limezikwa. Nusu ya harusi za mtaa huu pilau lake alilipika yeye. Asipoalikwa haendi, na haulizi.

WhatsApp nayo haina bahasha. Picha moja inarushwa kwa watu mia mbili: "Mnakaribishwa nyote." Nyote nani?

Dadangu anaolewa Disemba, na bahasha naandika mimi. Kila mwanamke na yake, Bi. fulani binti fulani. Baba ameguna kuhusu gharama, kisha akaniongezea pesa ya bahasha. Nimekwama kwa jirani yule. Tangu nizaliwe namwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, na barazani nimeuliza wazee watatu. Wote wanamjua mumewe. Kesho mamangu ataenda kumuuliza mwenyewe babake aliitwa nani.