Zusanli: Sindano Iliyoponea Kufutwa Mara Mbili

Wasee wa Ruiru na Thika, hebu kunja goti kidogo. Chini ya kifupa cha goti, upande wa nje, kuna kishimo. Teremka vidole vinne, kisha usogee kidole kimoja nje ya mfupa wa mbele wa mguu. Hapo Wachina wanapaita Zusanli, yaani "li tatu za mguu". Li moja ni kama nusu kilomita. Wanasimulia kwamba msafiri aliyechoka akitibiwa hapo, ataongeza li tatu. Ukitoka Ruiru, hata Juja hujafika, lakini si haba.

Wamepadunga sindano kwa ajili ya tumbo, kichefuchefu na uchovu kwa karibu miaka 2,000. Watu hudhani imedumu kwa sababu ni ya zamani. Mimi nakataa.

Mwaka 1822, mfalme Daoguang aliondoa tiba ya sindano kwenye chuo cha tiba cha ikulu. Mwaka 1929, serikali ikaletewa mpango wa kufuta tiba zote za kienyeji. Waganga wakakutana Shanghai tarehe 17 Machi, wakapinga, mpango ukakwama. Baada ya 1949, Mao akaona madaktari ni wachache na wagonjwa ni wengi, akaamua zote mbili zitumike.

Mwaka 1971, mwandishi wa Marekani James Reston alipasuliwa kidole tumbo Beijing, kisha akadungwa sindano kwenye kiwiko na chini ya magoti kutuliza tumbo. Akaandika gazetini, na Marekani ikashtuka. Wakati huo, madaktari wa China walikuwa tayari wanatibu Zanzibar.

Sasa sisi. Mwaka 1925 mkoloni alituletea Sheria ya Uchawi, na mganga wa mitishamba akaanza kuonekana kama mchawi tu. Sheria ya Afya ya 2017 imeitambua tiba asili, lakini imechelewa: wazee wengi wameenda na maarifa yao.

Sisemi sindano inatibu kila kitu. Ukiambiwa Zusanli inaponya kisukari au saratani, toka mbio. Ninachosema ni kwamba Wachina waliandika, wakatetea, halafu wakakubali kupimwa na watafiti. Gome la muthiga, ambalo cucu alikutafunisha ukikohoa, nani ameandika alivyolipima? Simu unayo. Muulize akiwa bado yupo, umrekodi.