Uzi: Virusi vya mifugo, kibali cha nani?

1/ Wadau, siasa za mifugo zikichacha lazima mtu aulize: "Vijidudu vimetoka kwetu, mbona sheria zinaandikwa ng'ambo?" Swali ni halali. Twende kwa historia.

2/ Mapema 2007 nilikuwa Gikomba. Homa ya Bonde la Ufa ilikuwa imeingia, watu wameogopa nyama, upande wa samaki hapapitiki. Mlipuko ule uliua Wakenya zaidi ya 150. Ugonjwa wenyewe ulitambuliwa kwanza karibu na Naivasha. Wanasayansi wa Kabete wakauchapisha 1931.

3/ Leo virusi vyake viko kwenye orodha ya Kundi la Australia, nchi zinazodhibiti tangu 1985 bidhaa za kuundia silaha. Kwao, kuvituma nje ni kwa kibali. Kenya si mwanachama.

4/ Hofu yao si ya bure. Miaka ya 1980 Iraki iliagiza vijidudu vya kimeta kutoka Marekani, kwa kibali cha serikali. Karatasi zilikuwa safi. Shida ilikuwa mpokeaji.

5/ Lakini kufunga kila kitu pia ni hasara. Pale Muguga, Walter Plowright alitumia virusi vya sotoka viitwavyo Kabete O kutengeneza chanjo. Ikavuka mipaka, na 2011 sotoka ikatangazwa imetokomezwa duniani.

6/ Kwa hivyo mwanasiasa akisema "wanatuibia" ama "tufunge zote", muulize: nani anapokea? Kwa kazi gani? Na chanjo ikipatikana, mfugaji wetu atauziwa pesa ngapi?