Upigaji msasa wa vitambulisho, Isiolo

Upigaji msasa ulikuwa uchunguzi wa ziada kwa Wakenya wa kaskazini na mipakani walioomba kitambulisho cha taifa. Isiolo, lango la iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ina Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru na Wasomali, baadhi ya Wasomali hao wakiwa wazao wa askari waliokaa huko baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Serikali iliutetea upigaji msasa kama kinga dhidi ya ugaidi na wahamiaji haramu. Wakazi waliuona kuwa ubaguzi unaokiuka Katiba ya 2010. Februari 2025, Rais William Ruto aliufuta. Wakosoaji wa hatua hiyo walihofia usalama. Msimamo wa kati unaozijali pande zote ni kumhakiki kila mwombaji nchini kwa vigezo vilevile, huku ulinzi ukiimarishwa mpakani penyewe.