Consolata: Jina lililoshukia Tuthu likajaa Nyeri

Shirika la Wamisionari wa Consolata linatimiza miaka 125 mwaka 2026. Lilianzishwa mjini Turin, kaskazini mwa Italia, Januari 29, 1901, na padri Giuseppe Allamano, yule ambaye Papa Francis alimtangaza mtakatifu Oktoba 20, 2024. Wakati wa sherehe za namna hii mtu wa Nyeri hupata kazi moja ya ziada. Akiambiwa tukutane Consolata, inambidi aulize: Consolata ipi?

Kanisa kuu la jimbo kuu la Nyeri ni la Mama wa Consolata. Kuna Hospitali ya Consolata Mathari, na chuo cha uuguzi kilichozaliwa ndani yake. Kuna mapadri wa Consolata na kuna masista wa Consolata, mashirika mawili tofauti, ingawa waumini wengi huwachukulia kuwa nyumba moja. Ukiuzunguka Mlima Kenya hadi upande wa Meru, unapokewa na Hospitali ya Consolata Nkubu. Na juu ya majengo yote hayo kuna kina mama na wasichana wenyewe, akina Consolata wa Tetu, wa Othaya, wa Mukurwe-ini na wa Imenti, ambao jina hilo walilipata kwenye ubatizo na wengine wao hawajawahi kulihusisha na Italia hata siku moja.

Hospitali hiyo ya Nyeri wenyeji huiita Mathari tu, na wanapokuwa kwao hakuna tatizo. Tatizo huanza Nairobi. Ukiwaambia watu wa jiji kuwa mjomba wako amelazwa Mathari, wanainamisha vichwa kwa huruma, kwa kuwa Mathari wanayoijua wao ni hospitali ya wagonjwa wa akili. Hapo ndipo Mnyeri hukumbuka kutaja jina lote.

Chanzo cha jina ni picha ya Bikira Maria iliyo katika hekalu la Consolata mjini Turin. Masimulizi ya huko yanasema picha hiyo ilipotea, ikafukuliwa kwenye magofu mwaka 1104 baada ya kipofu mmoja kutoka Briançon kuoteshwa mahali ilipolala. Wenyeji wa mji wakamwita Maria Consolata, aliyefarijiwa na mwenye kufariji. Sikukuu yake ni Juni 20. Allamano alikabidhiwa kulisimamia hekalu hilo mwaka 1880. Mwanzoni mwa 1900 aliugua nusura afe, akapona, na mwaka uliofuata akaanzisha shirika la wamisionari na kulipa jina la picha aliyokuwa akiitunza.

Kenya haikuwa katika mipango yake. Macho yake yalikuwa Ethiopia, kwa Waoromo, alikotangulia kuhubiri Kadinali Massaja. Lakini mlango wa Ethiopia ulikuwa umefungwa, ikabidi watafute njia ya kuzunguka kupitia koloni la Mwingereza. Askofu Allgeyer wa Zanzibar, wa shirika la Roho Mtakatifu, ambaye mamlaka yake yalifika hadi bara, akawakubalia waje Ugikuyuni. Walikuja wanne: mapadri Tommaso Gays na Filippo Perlo, na mabruda Celeste Lusso na Luigi Falda. Walipitia Zanzibar na Mombasa, wakapanda gari moshi, kisha wakaenda kwa miguu. Juni 28, 1902 wakafika Tuthu, Murang'a, ukingoni mwa msitu wa Aberdare. Kesho yake, sikukuu ya Petro na Paulo, wakasoma misa.

Kwa nini Tuthu, kijiji cha baridi kilicho mbali na kila kitu? Jibu ni mtu mmoja: Karuri wa Gakure. Hapa makala hii inawaacha Waitalia kwa muda, maana bila Karuri hakuna Consolata ya kuzungumzia.

Habari nyingi za Karuri tunazozisoma zimetoka kwa Mzungu aliyekuwa na sababu zake za kuzisimulia. John Boyes, Mwingereza wa kutoka Hull, alipanda nyanda za Wagikuyu mwaka 1898 akitafuta chakula cha kuwauzia askari na misafara ya njia ya Uganda. Wengi walimwonya kwamba asingerudi hai. Alimkuta Karuri, mganga na mfanyabiashara ambaye tayari alikuwa na sauti katika mabonde yale, na wawili hao wakaelewana upesi kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kitu alichohitaji mwenzake. Boyes alikuwa na bunduki na dawa za vidonda. Karuri alikuwa na watu, chakula na akili. Majirani waliozoea kumshambulia Karuri walikuta siku moja kuna mlio mpya kijijini. Boyes akajenga nyumba, akapandisha bendera ya Uingereza bila kutumwa na mtu, akaanza kuamua mashauri na kuongoza mashujaa vitani. Mwaka 1911 alichapisha kitabu ambacho ndani yake alijiita mfalme wa Wagikuyu.

Ukikisoma kitabu hicho unadhani Karuri alikuwa msaidizi wake. Mimi nakisoma kinyume. Mzungu huyu alikuwa mgeni asiyejua lugha wala njia, akila chakula cha mwenyeji na kupigana na maadui wa mwenyeji. Serikali ya kikoloni ilipochoka kusikia habari za mfalme asiyetawazwa, mwaka 1900 ilimkamata, ikamshtaki kwa vita na unyang'anyi, ikampeleka hadi Mombasa. Kesi ikaanguka, lakini ufalme ukawa umekwisha. Na Karuri? Karuri alibaki palepale, akiwa na nguvu kuliko alivyokuwa kabla ya Boyes kufika. Waingereza wakamfanya chifu mkuu. Ni chini ya mkono wake ambapo Wangu wa Makeri alipata uongozi kule Weithaga, mwanamke ambaye hadi leo Wagikuyu hawajamaliza kubishana juu yake.

Kwa hiyo mapadri walipofika miaka miwili baada ya Boyes kuondolewa, walikuta mtu aliyekwisha kujifunza faida ya kuwa na Mzungu wake karibu, safari hii bila bunduki. Vitabu vya kanisa hupenda kusema Karuri aliguswa na Injili mapema. Huenda. Lakini hakukimbilia ubatizo: alibatizwa Yosefu mwishoni mwa maisha yake, mwaka 1916, zaidi ya miaka kumi baada ya kuwapokea wageni. Wakati huo wote aliwalinda, akawapa mahali pa kukaa na kuwapigia debe kwa machifu wenzake. Hiyo ni siasa ya mtu mzima, na sioni sababu ya kuifunika kwa uchaji.

Yaliyofuata yanajulikana. Perlo alikuwa mtu wa haraka, na vituo vilichipuka Murang'a, Limuru na Nyeri katika muda mfupi. Machi 1904 wamisionari walikutana Murang'a kwa siku tatu wakakubaliana namna ya kufanya kazi: katekisimu, shule, kutibu wagonjwa, kutembelea watu majumbani. Waitalia na Askofu Allgeyer hawakuelewana kwa muda mrefu, na mwaka 1905 Roma ikawagawia eneo lao. Mwaka 1909 likawa vikarieti na Perlo akawa askofu. Mwaka 1910 Allamano alianzisha shirika la masista, na mwaka 1911 wamisionari wakaingia Meru. Mwaka 1918 wakaanzishwa masista Wagikuyu. Hao hawakupewa jina la Consolata bali la Maria Imakulata, na hadi leo ndilo jina lao.

Nyeri palikuwa na mtambo wa kuchapa. Mwaka 1916 lilianza kutoka jarida la Kigikuyu, Wathiomo Mukinyu, miaka kumi na miwili kabla ya Muigwithania alilolihariri Jomo Kenyatta. Mwaka 1933, kwenye mtambo huohuo wa misheni, padri Costanzo Cagnolo alichapisha kitabu kinene kuhusu mila za Wagikuyu. Kina picha nyingi, kina ujuzi wa mtu aliyeishi na watu, na kina dharau ya wakati wake. Msomaji wa leo atalazimika kumeza yote matatu kwa pamoja.

Wagikuyu nao hawakukaa tu wakipokea majina; waliyatoa pia. Sista Irene Stefani, aliyezaliwa Anfo karibu na Brescia mwaka 1891, alifika Kenya mwaka 1915. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza aliwauguza wapagazi wa kikosi cha Kariakor huko Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, watu waliobebeshwa vita visivyo vyao na kufa kwa maelfu. Kuanzia 1920 alikuwa Gikondi, Mukurwe-ini, akifundisha shuleni na kupanda vilima kutembelea nyumba hadi nyumba. Watu wakamwita Nyaatha, mwenye huruma. Alifariki Oktoba 31, 1930 baada ya kumuuguza mgonjwa wa tauni. Muujiza uliompeleka kwenye wenyeheri haukutokea Nyeri bali Nipepe, Msumbiji, Januari 1989, ambako watu zaidi ya 200 waliojificha kanisani wakati wa vita walimwomba, na maji machache ya chombo cha ubatizo yakawatosha kwa siku kadhaa. Mei 23, 2015, Kadinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam aliongoza misa ya kumtangaza mwenyeheri katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri. Misa ya namna hiyo haikuwa imewahi kufanyika katika ardhi ya Kenya.

Jina la chuo hicho, la kiongozi wa Mau Mau, linatukumbusha upande ambao sherehe huupitia mbio. Mwanamazingira Wangari Maathai alipelekwa bweni la St. Cecilia, Mathari, mwaka 1951, akiwa na miaka 11. Katika kumbukumbu zake aliwasifu masista kwa upendo na bidii. Lakini alieleza pia jinsi wanafunzi walivyovishwa kitambulisho cha aibu kwa kuzungumza Kigikuyu, na jinsi, vita vya msituni vilipopamba moto, walivyoombeshwa ili Mau Mau wakamatwe. Kimathi alikamatwa Nyeri Oktoba 1956. Mtu mmoja anaweza kuipenda Mathari na kuyasema hayo, na Wangari aliyasema.

Waitalia wengine waliletwa Nyeri kwa nguvu. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, mapadri wa Consolata waligeuka raia wa taifa adui katika koloni la Mwingereza, na baadaye mateka wa vita wakamwagwa kambini kuuzunguka mlima. Amedeo, Duke wa Aosta, mtawala wa Kiitalia huko Ethiopia aliyesalimu amri Amba Alagi, alifia Nairobi Machi 3, 1942. Amezikwa Nyeri pamoja na askari wake katika kanisa la kumbukumbu, upande wa Mathari. Watalii hulijua kaburi hilo. Kuhusu Tuthu hawaulizi, na kusema kweli hata sisi hatuwaelekezi. Boyes ana kitabu kinachochapishwa tena na tena, Duke ana kanisa zima, lakini Karuri, mwenyeji wa wote, mtoto wa shule humkuta katika mstari mmoja au miwili kisha akafungua ukurasa mwingine.

Jina lenyewe limekwisha kuvuka mipaka. Watanzania wanaijua Hospitali ya Consolata Ikonda, Makete. Huko walizaliwa mwaka 1996 pacha walioungana, wakalelewa na wamisionari na kupewa majina mawili ya Mama huyohuyo, mmoja Maria na mwingine Consolata. Walifika hadi chuo kikuu mjini Iringa, wakafariki Juni 2018.

Na tangu 2023 mkuu wa shirika zima duniani, anayekalia kiti alichokalia Allamano, ni Mkenya kutoka Samburu, padri James Lengarin. Vijana wa Nyeri, Meru na Maralal wanaofunga nadhiri leo hupangiwa kazi Colombia, Brazil, Mongolia, na wengine Turin kwenyewe, wakawasomee misa wazee wa Piemonte ambao watoto wao wameacha kwenda kanisani.