Uongo Ulitangulia Sindano

Pale tunapofanyia mazoezi hapa kambini hakuna mashine. Kuna bomba la chuma na makopo mawili yaliyojazwa saruji, basi. Juzi kijana wa miaka 17 alinivuta pembeni, akanionyesha kwenye simu picha ya mtunisha misuli wa Marekani. Akaniuliza, "Kaka, huyu ni chakula na mazoezi tu? Maana nasikia kuna vidonge."

Wengi wangemjibu haraka: achana navyo, ni ujinga. Mimi nilimwomba anipe muda nisome kwanza. Haya ndiyo niliyoyapata.

Shindano kubwa la kwanza la kutunisha misuli liliandaliwa na Eugen Sandow mjini London, tarehe 14 Septemba 1901. Wakati huo dawa hizi hazikuwepo. Homoni ya kiume, testosteroni, ilitengenezwa maabara mwaka 1935 na Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka, ambao mwaka 1939 walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Katika tiba, kazi yake ni kuwasaidia wanaume ambao miili yao haiitoi ya kutosha. Kwa hiyo mwanzoni ilikuwa dawa ya wagonjwa.

Mwaka 1954, kwenye mashindano ya dunia ya kunyanyua vyuma huko Vienna, daktari wa timu ya Marekani, John Ziegler, alisikia kwamba Wasovieti wanaitumia. Mwaka 1958 kampuni ya Ciba ikaingiza sokoni Marekani kidonge kinachofanana nayo kikazi, Dianabol. Ziegler akawapa wanyanyuaji wa klabu ya York, Pennsylvania, iliyokuwa chini ya Bob Hoffman. Nguvu zikaongezeka upesi.

Hapa ndipo uongo ulipoingia. Hoffman alikuwa na gazeti lake, na alikuwa anauza unga wa protini na vifaa vya mazoezi. Gazetini sifa zote zilikwenda kwenye aina mpya ya mazoezi, ya kusukuma chuma kisichosogea. Kidonge hakikutajwa. Vijana waliosoma wakanunua vifaa, wakasukuma, na mwili ule hawakuupata. Ukishafanya kila ulichoambiwa na hupati, utamlaumu nani? Unajilaumu mwenyewe. Baadaye siri ikatoka, na wengi wakaona kumbe kilichokuwa kinakosekana ni kidonge. Ziegler mwenyewe aliona wanyanyuaji wanameza kupita kiasi alichowapa, akaja kujuta.

Uongo wa pili ulitoka kwa wataalamu. Mwaka 1977 chama cha madaktari wa michezo cha Marekani kilitangaza kwamba hakuna ushahidi wa uhakika kuwa dawa hizi zinasaidia. Sidhani walikuwa na nia mbaya. Lakini mtu aliyekuwa jimu alimwona mwenzake akivimba kifua ndani ya wiki chache. Akajiambia: daktari hajui kitu, au ananidanganya. Tangu hapo ushauri akautafuta kwa mwenzake wa mazoezi. Mwaka 1996 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti wa wanaume 43 kwa wiki 10. Waliopewa testosteroni bila kufanya mazoezi waliongeza wastani wa kilo 3.2 za mwili usio mafuta. Waliofanya mazoezi bila dawa waliongeza 1.9. Kwa hiyo zinafanya kazi, tuseme hivyo wazi.

Sababu ya tatu ni mashindano yenyewe. Mr. Olympia ilianza mwaka 1965. Arnold Schwarzenegger aliishinda mara 7, na baadaye alikiri mwenyewe kwamba alitumia. Kwenye jukwaa alikuwa na kilo zipatazo 105. Mwaka 2003 Ronnie Coleman alishinda akiwa na karibu kilo 130. Mwaka 1990 waandaaji walijaribu kuwapima washindani, mwaka uliofuata wakaacha. Mshindani alielewa ujumbe: ukija bila dawa, utapanda jukwaani kupiga picha tu.

Ukiunganisha hayo unaona kwamba mtu haamui kwa sababu hana akili. Anaamua kwa sababu amejilinganisha na mwili ambao hakuambiwa ulivyotengenezwa, marafiki zake wanatumia na bado wako hai, na anayemkataza alishamdanganya.

Gharama ipo. Andreas Münzer wa Austria, aliyemwona Schwarzenegger kama mfano wake, alifariki tarehe 14 Machi 1996 akiwa na miaka 31 tu, siku chache baada ya kushindana. Ini lilikuwa na uvimbe na viungo vingine vilishindwa kufanya kazi. Hata ambaye hafiki huko, mwili wake huweza kuacha kutoa homoni yake wenyewe, korodani zikasinyaa, uwezo wa kuzaa ukapungua, moyo ukaumia. Na wanaochangia sindano wanaweza kuambukizana Ukimwi na homa ya ini.

Nilirudi kwa yule kijana nikamweleza yote, hata ile sehemu ya kilo 3.2. Alishangaa. Akasema, "Mimi nilidhani utaniambia hazifanyi kazi." Nikamwambia ningesema hivyo, siku ukiona rafiki yako amevimba usingerudi tena kwangu. Ndipo akanieleza jambo ambalo sikulitegemea: anataka mwili mkubwa kwa sababu kuna wakubwa wanaomnyang'anya vitu vyake njiani akitoka kuchota maji. Dawa ilikuwa jibu lake kwa shida hiyo.

Ndugu zangu wa mashirika, mnapotuandalia semina za dawa, msituletee bango la "usitumie" peke yake. Semeni ukweli wote, halafu muulize kijana anataka mwili huo wa nini. Kwa huyu wetu tumekubaliana na wazee wa zoni kwamba vijana waende kisimani kwa kundi. Makopo ya saruji bado anayanyanyua kila jioni.