Tunduma: Kisu Kwanza, Barabara Baadaye

Filamu ya Detroit, kazi ya Kathryn Bigelow, ilitoka mwaka 2017, miaka 50 baada ya ghasia za 1967 katika jiji hilo la Marekani, ambamo vijana watatu weusi waliuawa polisi walipovamia moteli ya Algiers. Mwongozaji atakayezigeukia ghasia za Aprili 2013 za Tunduma, mji wa Tanzania mpakani na Zambia, asianze na moshi wa mabomu ya machozi. Aanzie machinjioni. Kwa miaka mingi ng'ombe wa bucha alichinjwa na Mwislamu ili nyama iliwe na wote, desturi iliyosimama kwa mazoea na kuvumiliana. Mwaka ule baadhi ya Wakristo walitaka nao wachinje. Februari ugomvi huo ulikwisha kumuua mchungaji huko Buseresere, Geita. Ulipofika Tunduma, vijana walipanga mawe barabarani, matairi yakawaka, na polisi wakafyatua mabomu.

Nitaambiwa kwamba ile ilikuwa vurugu ya dini, barabara isisingiziwe. Lakini ugomvi wa kuchinja ulizuka kwingine pia. Kurukia kwake barabara kuu, hilo ni la Tunduma. Mkataba wa mwaka 1890 kati ya Waingereza na Wajerumani uliwaacha Wanyamwanga pande zote mbili za mpaka. Baadaye zikaja lami ya TANZAM na reli ya TAZARA, na leo malori ya Zambia na Kongo yanapita mdomo mmoja, Nakonde ikiwa ng'ambo tu. Katika mji wa namna hii, jiwe moja barabarani husikika Dar es Salaam kabla ya barua kumi. Polisi nao wanalijua hilo, ndiyo maana huharakisha: kwao utulivu ni lori kutembea.

Kwani wangekaa wakitazama? Hapana. Njia ilipaswa kufunguliwa. Dereva aliyekwama hana kesi na mchinjaji. Ila bomu la machozi halisemi nani ashike kisu. Swali hilo lilikuwa la wakuu wa serikali na viongozi wa dini, na tangu Buseresere walikuwa na wiki kadhaa za kulimaliza. Askari alitumwa kumalizia kazi ambayo wenyewe hawakuianza, na lawama zikamwangukia yeye na yule kijana mwenye jiwe.

Hata leo wakuu hawako jirani: Mkoa wa Songwe, ilimo Tunduma, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Makao makuu ya mkoa yako Vwawa; mtu wa Tunduma mwenye shida na mkuu wa mkoa hupanda gari.